Mume Aliyekataa Chungu Changu

Manasseh alirudi kutoka makambi akiwa ameungua na jua na amejaa maneno. Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, na sisi Wasabato wa Manga tulikuwa tumemaliza wiki nzima ya mahubiri chini ya mahema. Mhubiri mmoja mgeni alikuwa amesema kwamba Adamu aliishi mamia ya miaka bila sufuria. Wengine walicheka, wakaenda kula. Mume wangu, ambaye vidonda vya tumbo vilimtesa tangu harusi yetu, hakucheka.

"Kuanzia leo, mama Josiah," aliniambia, "kitu kilichoguswa na moto hakitaingia kinywani mwangu."

Nilikuwa nimeinama nikisonga obokima, ugali wetu wa wimbi. Niliendelea kusonga. Nilidhani ni mambo ya siku mbili.

Wapi! Asubuhi alikula ndizi mbivu, mchana mapera, jioni akatafuna muwa. Na nisimsingizie, tumbo lake lilitulia. Hakuugulia tena, hakushika ubavu akiinuka. Lakini mwili nao ukaanza kupukutika. Mashavu yakaingia ndani, kaptura ikafungwa kwa kamba ya katani, na ile mikono iliyozoea kubeba gogo zima la mkaratusi ikabaki mifupa na mishipa. Kwenye egesangio, kikundi chetu cha majirani tunaolimiana mashamba kwa zamu, alianza kuachwa nyuma ya mstari. Wanawake walimpita na majembe yao wakijifanya hawaoni.

Siku moja, kwenye kituo cha majani chai, vijana walimtania ajipime. Akashika ndoano ya mizani, akaning'inia. Karani akasoma, akakodoa macho, akasoma tena.

"Mzee, vikapu viwili vya mke wako vinakaribia kukushinda."

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakaniona nimesimama pale na kikapu changu, na kicheko kikakatika ghafla.

Asiyezaliwa kwetu Gusii huenda asione ubaya wowote hapo. Kwetu, mwanamume akikataa kula alichopika mkewe, hakuna anayeuliza kama ameshiba. Wanauliza anaogopa nini katika mkono wa yule mwanamke. Na akianza kukonda, hawaulizi tena. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka mbele yangu, lakini nililisikia kila mahali. Nyanchera, jirani yangu ambaye nilisaga naye wimbi kwenye jiwe moja miaka yote, aliniambia watoto wake wameshiba kabla sijawakaribisha uji. Mama mkwe wangu, Nyamoita, alisema hadharani kwamba mwanawe asipopata nafuu kabla ya wimbi kuvunwa, mimi nitarudishwa kwa baba yangu, kule Nyamache.

Nilijaribu kumwambia Manasseh. "Watu wanasema," nikamwambia.

"Waache waseme. Hata Nuhu alisemwa."

Maskini, alidhani wanasema mapera yake. Na mimi sikuweza kumfafanulia. Mwanamke atamtazamaje mumewe usoni amwambie, wanasema ninakuua?

Kumrudisha kwenye chungu kulinishinda. Ukaidi wa ukoo ule naujua. Basi nikaamua kumnenepesha bila moto, tena kwa hasira.

Kwanza nilichunguza anachokula. Vyote vilikuwa utamu na maji. Nikamwangalia ng'ombe wetu, ambaye naye hajawahi kuona sufuria lakini ana mapaja. Ng'ombe anakula kutwa nzima! Bwana wangu alikuwa anakula kama mgeni mwenye haya. Nikaanza kumtwangia karanga mbichi na kuzivuruga na parachichi. Nikampa maziwa mazito ya kibuyu, yaliyoganda yenyewe. Nililoweka wimbi, nikaifunika kwa majani ya mgomba mpaka ikachipua, nikaianika na kuisaga, nikaikoroga na ndizi na yale maziwa. Siku ya kwanza alishika bakuli akafikiri.

"Umeianika. Jua si moto?"

Nilimtazama tu. Akala.

Kisha nikamnyang'anya kiti. Alikuwa anapumzika eti atunze nguvu. Nilikumbuka mwaka aliovunjika mkono: alikula obokima mara mbili kwa siku, lakini ule mkono ulipofunguliwa ulikuwa mwembamba kuliko wa Josiah wetu. Chakula peke yake hakikuutosha, ulitaka kazi. Nikamwambia tunahitaji mawe ya kuzuia udongo kwenye mteremko, ayapandishe kutoka mtoni, kidogo kidogo kila siku. Alinung'unika, akayapandisha.

Mambo yakaanza kunyooka. Ile kamba ya katani ikarudi mlangoni kwa ndama. Kwenye egesangio akatoka mkiani mwa mstari akafika katikati. Nilimtazama mabega yake nikasema moyoni, bado kidogo tu.

Shida ilikuwa wimbi. Huku kwetu wimbi iliyochipua ina kazi moja inayojulikana, nayo ni pombe. Nyumbani kwa Msabato! Mzee wa kanisa angeiona ingekuwa kesi nyingine. Kwa hiyo nilikuwa ninaifunga kwenye majani na kuichipusha chini ya kitanda.

Mama mkwe alikuja siku moja nikiwa shambani ninachuma chai. Akainama kutafuta mkeka, akakuta furushi bichi, lenye unyevu na harufu, chini ya kitanda cha mwanawe. Hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yangu Okemwa, kaka mkubwa wa Manasseh.

Jumapili mchana walikuwa uani kwangu, Okemwa na wazee wawili wa ukoo, furushi limewekwa chini katikati. Majirani walikuwa wamejaa uzioni.

"Mama Josiah, hiki ni nini?" akauliza Okemwa.

"Ni chakula cha mume wangu, shemeji."

"Chakula kinafichwa chini ya kitanda?"

Nilichota konzi nikatafuna mbele yao. Okemwa akatikisa kichwa. "Aliyekitengeneza anajua kinga yake."

Niliogopa, sitaficha. Niliwaona watoto wangu wakibaki na mimi nikishuka peke yangu kwenda Nyamache.

Ndipo Manasseh akatokea kutoka mtoni na jiwe begani. Akalitua, akaona furushi, akacheka. "Sasa mnapekua mpaka wimbi yangu?"

Mama yake akainuka. "Mwanangu, kama humwogopi huyu mwanamke, mbona hujala mkono wake tangu makambi?"

Kicheko kikamtoka usoni. Alimtazama mama yake, akatazama uzio uliojaa watu, mwishowe akanitazama mimi. Niliona kabisa wakati alipoelewa.

Aliingia jikoni, ambako obokima wa watoto ulikuwa bado unafuka moshi, akatoka nao na chinsaga, ile mboga yetu chungu. Akaketi chini, katikati yao, akamega tonge, akachovya, akala. Jasho lilimtiririka. Alikula mpaka sahani ikaisha, akaninyooshea.

"Mama Josiah, niongezee."

Nilimwongezea. Alipokuwa katikati ya sahani ya pili, mama yake akasogea, akamega tonge kutoka sahani ileile, akala. Hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Okemwa akachukua kofia yake.

Jioni tumbo lilimshika, akalala amejikunja. Nilimkanda mgongo.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambiaje?"

Akageuza uso ukutani. "Na mimi nikajilinganisha na Nuhu," akasema.

Asubuhi alikuja mwenyewe jikoni, uso umesawijika, akaketi karibu na moto. "Nipakulie obokima," alisema. "Nitakula kila siku wakiniona."

Nilimwekea mapajani bakuli la karanga na parachichi. Halafu nikalitoa furushi la wimbi, nikalitandaza kwenye uteo kando ya njia, mahali ambapo kila mpita njia angeliona.

"Kula chakula chako, baba Josiah," nikamwambia. "Ulichokula jana kinanitosha maisha yangu yote."