Kamba ya Duarani

Watu wa mwalo huu wa wavuvi wakinipa pole ninaitikia, kwa sababu nililelewa, lakini rohoni nawatukana matusi ya kwetu Songwa ambayo wao hawayajui. Naitwa Limi. Hapa wananiita Mama Aneth, nina kibanda cha chai na chapati karibu na mitumbwi, na hakuna mvuvi ambaye hajakaa kwenye benchi langu. Aliyezama alikuwa mdogo wangu, Mihayo. Nasema aliyezama kwa kuwa ndivyo wanavyosema wao.

Mihayo hakuwa mtu wa maji. Kwetu maji ni ya lambo, ng'ombe akiingia hadi magotini amezidi. Yeye alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Geita, anashuka kwenye duara, lile shimo lenyewe, jembamba kama kisima, mpaka huko chini ambako ukitazama juu mchana unauona mdogo kama kifuniko cha chupa. Siku duara lilipofukia watu, yeye alivutwa juu kwa kamba aliyojifunga kiunoni. Wenzake walikuwa wamezifungua zao ili wafanye kazi vizuri. Akaja kwangu na begi moja na kipande cha ile kamba, ya bluu, akasema, dada nimechoka, ziwani angalau hakuna kitu cha kumwangukia mtu kichwani. Nikampeleka kwa Magesa.

Magesa ana mtumbwi wake, ni Mkerewe, mtu wa maneno machache. Hatumii nyavu. Anavua sangara kwa mshipi, pale mto unapoingia ziwani na kujigawa vijito vingi katikati ya mafunjo. Mihayo alinisimulia mpaka nikaona kama na mimi nimeshafika, maana hapa mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi. Wanasema samaki watakimbia. Wakiwa hai wananikimbia, wakishakufa naletewa mimi niwapare. Haya.

Wanafunga mtumbwi kwenye mafunjo, alisema, pale maji mekundu ya mto yanapokutana na maji ya ziwa. Sangara mkubwa anakaa hapohapo mpakani, kichwa kakielekeza mtoni, anangoja vya kuletewa. Unamtundika kambale mdogo kwenye ndoano, akiwa mzima, unamshusha taratibu, unanyamaza. Kukohoa hakuna. Akimeza unamwachia akimbie mpaka achoke, ukishindana naye mapema mshipi utakukata vidole. Mihayo alijifunza haraka kuliko hata vijana waliozaliwa mwaloni. Kitu kimoja tu hakikumtoka. Mwisho wa mshipi wake aliufunga kwenye kile kipande cha kamba ya bluu, na kamba akaizungusha kiunoni, kwa lile fundo la duarani ambalo likishavutwa halifunguki ila kwa kisu.

Magesa alimwambia aifungue. Mimi nilimwambia mbele ya watu, nikamwita zuzu. Hakukasirika. "Dada," alisema, "mimi bila kamba mwili unatetemeka. Ukiwa na kamba, unajua kuna mahali umeshikwa." Utamjibu nini mtu aliyetolewa shimoni mzima kwa kamba hiyohiyo?

Siku yenyewe Magesa alirudi peke yake, jua likiwa bado juu, anapiga kasia huku na huku kama hajawahi kushika kasia. Alisema sangara alimeza, akakimbia, mshipi ukaisha, na Mihayo akatoka mtumbwini wima kama alivyokuwa amesimama. Hakupiga hata kelele. Mpaka Magesa afungue mtumbwi kwenye mafunjo, samaki alishaingia vijitoni, na maji ya mto ni matope, huoni mkono wako. Alizunguka, akaita, akazunguka tena. Nilimsikiliza hadi mwisho halafu nikampiga kofi, naye akaniacha nimpige.

Nilichotaka ni kimoja. Nilitaka mdogo wangu nimwone, nimrudishe Songwa, alale pembeni ya mama yetu. Duara lilishindwa kumchukua, nisingekubali ziwa limchukue hivihivi.

Mtu akizama hapa, mwalo unafungwa. Nyavu zote zinatolewa majini, hakuna kuvua wala kuuza mpaka apatikane. Mwenyekiti wa mwalo, Valerian, alisimamia vizuri, hilo simnyimi. Mitumbwi ilitoka na kamba ndefu zenye ndoano na mawe, wakawa wanakokota chini ya maji pale Magesa alipoonyesha. Kila mtu alijua yuko chini. Kafungwa kiunoni, samaki mkubwa vile, kuogelea hajui, na mamba wamo. Nani angetazama kwingine?

Ila kuna sheria nyingine, ambayo sisi watu wa ng'ombe hatuna. Mtu akiwa amezama na bado hajaonekana, sauti yoyote inayoita kutoka majini haiitikiwi. Ukiitika, na wewe unafuata. Niliambiwa jioni ileile na Chausiku, jirani yangu wa kibanda, mwanamke mzuri tu, ananishika mkono huku machozi yanamtoka. Nikaona ni maneno ya kumpa mfiwa ili aache kukodolea maji macho.

Asubuhi yake nilikuwa nachochea moto, ukungu umefunika ziwa lote, nikasikia.

"Ng'wana mayu."

Kwa lugha ya kwetu ndiyo kusema mtoto wa mama. Hapa mwaloni hakuna anayeniita hivyo, na hakuna anayejua kama huwa naitwa hivyo. Sauti ilitoka mbali, upande wa mafunjo, imekauka. Nikasimama. Nikafungua mdomo kuitika, na mkono wa Magesa ukaniziba. Sijui alitokea wapi. Alinishika kwa nguvu hadi meno yakanichana mdomo wa ndani, huku ananiambia sikioni, "Mama Aneth, usiitike, nakuomba, usiitike." Chausiku akachukua sufuria akaanza kuipiga kwa mwiko. Ndivyo wanavyofanya, wanapiga vyombo ili masikio yasisikie. Akaanza na wa pili, na wa tatu, mpaka mwalo mzima ni masufuria, ndoo na mabeseni. Walipoacha, kulikuwa kimya.

Nilimfuata Valerian. Nikamwambia yule ni mdogo wangu, nipeni mtumbwi niende kwenye mafunjo.

"Mama Aneth," alisema, kwa upole kabisa, "mdogo wako yuko chini ya maji na kamba kiunoni. Kinachokuita sicho yeye."

"Kimejuaje jina langu la nyumbani?"

"Ndilo huwa kinaanza nalo."

Nikamwambia basi waende hata watu wawili, wakatazame tu. Akasema mitumbwi yote iko kwenye kukokota, na mafunjo yale yanaelea, upepo unayahamisha, mtu akiingia humo hajui atatokea wapi. Nikaenda mwenyewe kusukuma mtumbwi. Wanaume wakanitoa majini kwa heshima zote, shikamoo mama, samahani mama, wakanikalisha.

Asubuhi iliyofuata iliita tena. Safari hii haikuwa na maneno, ilikuwa sauti tu. Watu walikuwa tayari, vyombo viko mikononi, hata watoto. Chausiku alinikumbatia kwa nyuma, akanibana mikono, nami nilipiga kelele lakini ni nani angenisikia katika vurugu ile ya mabati. Asubuhi ya baada ya hapo hakukuwa na kitu. Katekista akasema tumshukuru Mungu, amepumzika. Nikaona watu wanapumua.

Walikokota mpaka wakachoka. Mwalo ukifungwa, watoto hawali, na mimi nina mtoto, naelewa. Valerian alikuja kuniomba ruhusa kwa adabu, amenyoa nywele kama mfiwa, nikamwambia fungueni. Nilishakata tamaa ya kumrudisha Songwa. Nilibaki kutamani hata kiatu.

Siku ya kwanza ya kuvua, watu waliotega migonzo, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, walirudi na sangara mkubwa ambaye ilibidi abebwe na wanaume kwa mti. Watu wakakusanyika kushangaa. Wakamtupa mbele yangu nimpasue, kwa sababu kazi ni kazi. Alikuwa amekonda, ubavu una vidonda. Mdomoni alikuwa na ndoano mbili. Moja ya kwao. Ya pili ilikuwa na mshipi, na mwisho wa mshipi kuna kamba ya bluu.

Nilijua watu wanangoja nilie. Niliivuta ile kamba mkononi mpaka mwisho. Fundo la duarani halikuwepo. Kamba ingekatika kwa kuvutwa, nyuzi zake zingetoka ndefu na fupi, kila mtu anayeshinda na kamba anajua. Hii ilikuwa imekatwa. Imekatwa kwa kisu, pande mbili, kama mtu aliyeanza upande mmoja akashindwa akageuza. Kisu cha kukatia mshipi kilikuwa kinakaa mfukoni mwa Mihayo siku zote.

Nikampa Valerian aishike. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akakaa chini pale penye magamba na damu ya samaki. Chausiku aliona uso wake, akauliza ni nini.

Magesa alikuwa ameshaanza kusukuma mtumbwi. Nilipanda. Hakuna aliyesema neno kuhusu wanawake na samaki.

Hakukuwa mbali. Hilo ndilo linalonitafuna hadi leo, hakukuwa mbali. Tulipita kijito cha kwanza, tukaingia cha pili, na pale kwenye pande la mafunjo linaloelea tukaona shati lake limefungwa juu ya mabua. Yale mabua yalikuwa yamelazwa kama kitanda. Mengine yalimenywa na kutafunwa, makapi yametupwa upande mmoja vizuri, maana Mihayo alikuwa msafi. Yeye alikuwa ameshakufa, amelalia ubavu mzima, ule mwingine, pale kamba ilipombana, ulikuwa mweusi na umevimba. Na lile fundo bado liko kiunoni. Samaki alimvuta hadi kwenye mafunjo, naye akayashika, akaikata kamba, akapanda. Aliyafanya yote yale peke yake, mtu asiyejua kuogelea.

Uso wake ulielekea mwaloni. Nikatazama alikokuwa anatazama. Mafunjo pale ni machache, na kupitia katikati yake nilikiona kibanda changu, na moshi niliouacha. Fundi mmoja alikuwa anagonga misumari kwenye mtumbwi huko ufukweni, na kila pigo lilitufikia wazi kabisa juu ya maji. Kama pigo la nyundo moja lilifika, basi masufuria yale yote aliyasikia. Alituita, akasikia tunavyomjibu.

Magesa alianza kulia kwa sauti. Nilishuka kwenye mabua yale, yakanizamisha hadi mapajani, nikapiga magoti na kushika kichwa cha mdogo wangu.

"Abee," nikaitika. "Abee, ng'wana mayu."

Magesa alikuwa nyuma yangu kabisa. Hakuniziba mdomo.