Mshono Nilioufumua

Mimi nimewafaa watu wengi, na sikumruhusu hata mmoja anifae. Mama Pacha, fundi mwenzangu, alipojifungua, nilishona nguo zote za wale watoto wake wawili. Alipokuja kushukuru nikamfukuza kwa mzaha: "Hebu niondokee, kutoa ni moyo!" Nilijiona mwema kweli. Leo nadhani kilikuwa kiburi.

Basi niliteleza kwenye ngazi za kazini, pale juu ya duka la viatu, siku kumi kabla ya harusi ya binti yangu. Nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Gauni lake, ambalo niliapa kulishona mwenyewe tangu akiwa na miaka mitano, lilikuwa bado halina mikono wala bitana. Fundi aliyefungwa plasta mpaka kiwikoni ana kazi gani? Nilikaa nyumbani nimenuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mama Pacha, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu, hakuniuliza. Alijua ningekataa. Alizungumza na binti yangu, akawa analishona gauni akishamaliza kazi zake mwenyewe. Alhamisi nilipopanda kazini nikalikuta limetundikwa mbele ya kioo. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Unalionaje, dada?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa neno moja tu, na hata watoto wadogo wanalijua. Mimi nikasema, "Bega la kushoto limejikunja."

Akachukua mkoba wake, akasema anakwenda kununua vifungo.

Alipotoka tu nikashika wembe. Kwa mkono wa kushoto! Mtu ambaye asubuhi hiyohiyo alishindwa kujifunga sketi. Nilijiambia narekebisha, lakini ukweli ni kwamba sikuvumilia gauni la mwanangu liishe bila mimi. Nikafumua mishono mitatu, minne. Wa tano, wembe ukaniponyoka, ukapasua kitambaa kuanzia begani mpaka karibu na kiwiko. Na kitambaa kile hakikuwa kimebaki hata kipande cha kushonea mkono mwingine.

Nilikuwa bado nimesimama mbele ya gauni binti yangu alipoingia kulijaribu.

"Mungu wangu! Mama Pacha amefanya nini?"

Ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini alikuwa amekwisha kunipa pa kujificha, nami nikajificha.

Mama Pacha aliporudi na vifungo vyake alipokewa na kilio. Binti yangu humwamkia yule mama kwa heshima zote, ila siku hiyo adabu ilimtoka. "Umeniharibia! Kama huwezi si ungesema? Mama yangu hajawahi kuharibu nguo ya mtu!"

Mama Pacha akalishika gauni, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko. Fundi hadanganywi. Mkasi haukati vile, na wembe ulikuwa juu ya meza yangu, pamoja na nyuzi nilizozifumua. Akaniangalia. Kisha akamgeukia mwanangu.

"Nisamehe, mwanangu. Mkono uliteleza. Nitalitengeneza."

Nakiri jambo la aibu: nilishusha pumzi. Kwa muda mfupi nilifurahi. Halafu nikamwona ameinamisha kichwa, vifungo bado viko mkononi, anatukanwa na mtoto niliyemzaa mimi. Nilishindwa kupokea gauni kutoka kwake, na sasa nilikuwa napokea uongo wake wa kuniokoa, kimyakimya, kama mwizi.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakunisikia. Ikabidi nirudie kwa sauti.

"Nimelipasua mimi, kwa wembe. Nilikuwa naifumua kazi yake. Na bega lile halikuwa na kasoro yoyote. Lilikaa vizuri kuliko ambavyo ningelikalisha mimi."

Binti yangu alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Ukaniacha nimtukane, mama?" Akakaa chini sakafuni. Hakulia tena, afadhali angelia.

"Mwenzangu," nikamwambia Mama Pacha, "nisaidie." Sikumbuki kama niliwahi kumwomba mtu hivyo. Na hapohapo ulimi ukaanza biashara yake: "Mkono ukipona nitawashonea watoto wako sare za mwaka mzima, nitakufanyia kazi zako za..."

"Usianze!" Ndiyo mara ya kwanza namsikia akipaza sauti. "Miaka sita unanipa, na mimi nikikuletea hata kijiko cha chumvi unakirudisha. Unajua inavyochosha kuwa mtu wa kusaidiwa tu? Nitaiondoa mikono yote miwili, litakuwa gauni la mabega wazi. Litampendeza. Lakini hunilipi chochote, unanisikia? Chochote."

Binti yangu alikuwa ametaka mikono mirefu tangu mwanzo. Aliinua kichwa, akaitikia kwa kichwa, bila kuniangalia mimi.

Mdomoni nilikuwa na maneno kumi, yote ya kulipa. Nikayameza.

"Asante," nikasema.

Mama Pacha ananijua. Akasubiri aone nitaongeza nini. Sikuongeza. Nilisimama pale mbele ya mwanangu, sina la kutoa, nikamwacha mwenzangu awe mwema kuliko mimi.