Vidole Vinane vya Matope

Bwanaheri hakuwa mtu wa kusahau. Duka lake la vyuma na mabomba liko Kaloleni, mjini Voi, na mteja aliyeingia kununua misumari alitoka na tarehe tatu nne za bure: siku kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipofunguliwa juu ya korongo la Mraru, siku mbuzi wa kwanza wa Fanuel, mfugaji wa bondeni, alipoanguka akitetemeka kando ya lambo lililo chini ya kiwanda, siku afisa fulani aliposema atakuja kesho. Sheria za mazingira alijisomea mwenyewe nyuma ya kaunta, kalamu nyekundu mkononi.

Tarehe moja tu hakupenda kuitaja. Miaka minne nyuma alikwenda lamboni na ndoo mpya ya mabati kutoka dukani kwake, akazoa matope kwa jembe, akayaacha ndani ya ndoo siku tisa akisubiri gari la kuyafikisha maabara Mombasa. Majibu yakarudi yamejaa zinki. Bwanaheri akaandikisha bango, akaita watu. Kikaoni, mtaalamu wa kiwanda, bwana mpole kwa jina Geoffrey, aliuliza swali moja.

"Mzee, hayo matope uliyatia ndani ya nini?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Ndoo ya mabati hupakwa zinki ili isishike kutu. Fundi yeyote ajua, na muuza ndoo ndiye aliyesahau. Leseni ya kiwanda ikaongezwa muda siku ile ile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, naye hakuambiwa.

Sasa kiwanda kilitaka tanuri la pili, na kikao cha kusikiliza wananchi kilikuwa kimepangwa. Fanuel, ambaye mbuzi wake na nyanya zake vyote vyanywa maji ya lambo lile, alishasema: tanuri la pili likiwashwa, yeye ahama. Na Bwanaheri alijua akichekwa mara ya pili, hakuna atakayemsikiza tena, hata akisema jua lachomoza mashariki.

Ndipo akaja Wakio, binti wa kule milimani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza metali kwenye matope ya malambo. Bwanaheri alitarajia gari lenye nembo. Binti alishuka kwenye bodaboda pale lamboni, mbele yake na Fanuel, paipu ya plastiki imelala mapajani.

"Paipu hiyo umeinunua wapi, mwanangu?"

"Kwa jirani yako, mzee. Zako umezilaza na makopo ya rangi, na rangi ina metali."

Fanuel akageuza uso kuficha kicheko.

"Na hiyo pete uivue," Wakio akaongeza. "Hakuna chuma karibu na matope yangu."

"Hii ni ya ndoa."

"Mama hatajua."

"Mwanamina? Atajua kabla sijafika Kaloleni." Lakini akaivua.

Wakio aliingia majini hadi kiunoni, akaigongelea paipu kwa nyundo ya mti polepole, akaiziba juu kwa kifuniko, akaivuta. Matope yakaja mazima, tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa. Ukingoni aliyasukuma nje, akayakata vipande vya unene wa kidole kwa kisu cha plastiki. Kila kipande alikiondolea ukingo uliogusa paipu, akautupa, akatia kiini chake katika mfuko wa plastiki. Kisha akasuuza kisu kwa asidi, kisha kwa maji safi, tena na tena, ndipo akakata kingine. Tangu asubuhi mpaka jua la utosi hakuruka hatua hata moja, wala hakufanya haraka kwa sababu wazee walikuwa wakimtazama. Bwanaheri, ambaye ameshatukana watu kwa kuchelewa dakika tano, alikaa juu ya jiwe mpaka mwisho. Laiti angekuwa na mkono huu miaka minne nyuma.

Katikati ya matope ulitokeza ukanda wa mchanga mweupe.

"Huu nao?" Wakio akauliza.

"El Niño," Bwanaheri akajibu bila kufikiri. "Mwaka wa tisini na saba. Ukingo wa juu ulibomoka, mchanga ukajaa lamboni. Fanuel alipoteza ng'ombe wawili."

"Watatu," Fanuel akasema.

Wakio akaandika. "Basi mzee umenipa kalenda."

Wiki tatu baadaye alifika dukani na karatasi. Bwanaheri alikuwa na bango jipya tayari, metali sita kwa herufi kubwa, zote zikidaiwa kutoka kiwandani. Wakio alilisoma, akagusa neno moja moja kwa kalamu nyekundu ya Bwanaheri.

"Kromiamu, futa. Nikeli, futa. Shaba na zinki pia. Hizi ziko sawasawa toka juu mpaka chini, hata kabla ya El Niño. Zatoka kwenye mawe ya milima yetu wenyewe. Kadimiamu ni kidogo mno, siwezi kuapia."

"Wanivua nguo, binti. Wao watakuja na mawakili, mimi niende na metali moja?"

"Moja."

"Nimepigana na watu hawa miaka kumi!"

"Najua, mzee. Matope nayo yajua. Risasi, ile metali ya betri, chini kabisa haimo. Yaanza kupanda vidole vinane kutoka juu, na tukihesabu toka mchanga wako, ni mwaka ule ule kiwanda kilipofunguliwa. Hiyo nitaisimamia popote. Zile nyingine ukizisoma, mimi sitakuja."

Akaweka kalamu juu ya kaunta, akaondoka. Bwanaheri alishinda akifoka, hata aliyekuja kununua kufuli akarudi bila kufuli. Jioni, kabla ya kufunga duka, alifuta tano kwa mkono wake.

Siku ya kikao Geoffrey alikuja na picha za mawe. Alianza kwa upole wake ule ule: wananchi wataambiwa kuna kromiamu, wataambiwa kuna nikeli, kumbe ni asili ya ardhi ya Taita.

"Hatujataja kromiamu," Bwanaheri akasema.

Geoffrey akapekua karatasi zake. "Nikeli basi."

"Hata nikeli. Ni ya mawe, umesema kweli. Twasema risasi."

Wakio akasimama, akaeleza paipu, kisu cha plastiki, mchanga wa mafuriko, na vidole vinane. Geoffrey aliuliza matope yaliwekwa ndani ya nini. Alijibiwa. Aliuliza kisu kilisuuzwa na nini. Alijibiwa. Akakusanya picha zake za mawe. Mwenyekiti akatamka kwamba tanuri la pili limekataliwa, na la kwanza lizimwe mpaka mfereji wake wa majitaka unaoingia lamboni uzibwe na lambo lisafishwe.

Nje, watu wakimshika Bwanaheri mkono, yeye alimtafuta Wakio.

"Nambie kweli. Kama ungeikuta risasi nayo mpaka chini?"

"Ningesema."

"Mbele yao?"

"Mbele yao, mzee."

Bwanaheri alimtazama. Wa kumuunga mkono alikuwa nao tele miaka yote hiyo, na wote walimwitikia ndiyo mpaka wakamfikisha kwenye kicheko. Huyu alimkatalia mara tano, ndipo mzee akasikizwa.

"Basi twende," akasema. "Fanuel ataka kujua mbuzi wanywe wapi mpaka lisafishwe, na jibu hilo mimi sina."