Mwalimu wa Kwenye Kompyuta

Eriaku aliisoma barua ya chuo akiwa amesimama mlangoni, jembe la kibarua bado begani. Alipofika kwenye neno ualimu aliikunja, akamrudishia bintiye.

"Ualimu tena?"

"Baba, nimepita vizuri. Imebaki fomu ya basari tu, ya msaada wa karo. Unaweka sahihi hapa."

"Shamba la babu yako liliuzwa, likaingia kwenye kichwa cha Okwakol. Ekari zote tatu. Mimi nikatolewa shule darasa la sita ili yeye amalize. Sasa nionyeshe zilitokea wapi."

Brigid aligeuza macho nje. Shamba lenyewe lilionekana kutoka pale waliposimama: uwanja wa kuegesha malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Malaba, umezungushiwa mabati, mali ya mtu wasiyemjua. Kwao kulibaki kipande cha kujengea nyumba, na ukuta wake ulitikiswa na injini mchana kutwa.

"Shangazi yako Amongin aliacha shule darasa la nne," Eriaku aliendelea. "Anavusha maharagwe kutoka Uganda, na amejenga. Jumatatu unaanza naye."

Okwakol alikuwa baba mdogo wa Brigid. Alihitimu ualimu miaka kumi na minne iliyopita, na hajawahi kusimama mbele ya darasa la serikali. Kila nafasi zilipotangazwa alipeleka nakala za vyeti vyake, kila mara alirudi akisema, "Labda mwaka ujao." Ndiye aliyemfundisha Brigid hesabu, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani.

Jioni hiyo Brigid alimkuta akifua shati. Fomu iliruhusu mlezi kuweka sahihi badala ya mzazi. Okwakol alijipangusa mikono mara mbili kabla ya kuishika, kisha akajaza jina lake na nambari ya kitambulisho kwa mwandiko uliokaa sawa kwenye mstari.

"Ukianza kufundisha," alisema, "usiwachape wanaochelewa kuelewa."

Kesho yake Brigid alipanga foleni kwenye ofisi ya basari mjini Busia tangu asubuhi hadi saa nane. Mama aliyekuwa mezani aliingiza nambari ya kitambulisho kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Huyu mlezi ni nani yako?"

"Baba yangu mdogo, madam."

"Basari ni ya watoto maskini. Mbona unatuchezea?"

"Hana kazi, madam."

"Hana kazi?" Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Okwakol. Mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Butula. Ameajiriwa miaka tisa. Amepandishwa cheo."

"Huyo si yeye. Yeye tuko naye Malaba kila siku!"

"Jina ni lake. Kitambulisho ni chake. Vyeti ni vyake."

"Basi kuna mtu alichukua vyeti vyake. Niandikie jina la hiyo shule, tafadhali."

Mama yule aliangalia mlango, akashusha sauti. "Msichana, mtu hakai mahali kama hapo miaka tisa bila watu wa kumshikilia. Mimi pia nina watoto. Nenda nyumbani."

Akaigonga fomu muhuri mwekundu wa kukataliwa. "Anayefuata!"

Brigid hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye foleni ya malori Malaba, ambako Okwakol alijipatia riziki kwa kuwajazia fomu madereva wasiojua kusoma. Alimkuta amechuchumaa kando ya gurudumu, karatasi juu ya goti. Akamweleza yote. Alitaka huyu mtu mzima apige kelele, avunje kitu, atukane hata mara moja.

Okwakol alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka tisa," alisema.

"Twende polisi, baba mdogo. Leo hii."

"Nikifika nitawaambia mimi ni nani?"

Okwakol aliitazama kalamu yake.

"Anafundisha darasa gani?"

"Sikuuliza."

"Na watoto wake, wanamwelewa?"

Foleni ikasogea. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaupiga mlango kwa kofi. "Boss! Maliza basi, zamu yangu imefika!"

Okwakol aliinuka, akaikandamiza karatasi kwenye ubavu wa lori na kuanza kutembea nalo. Lilipoongeza mwendo naye aliongeza, mpaka akawa anakimbia, huku bado anaandika.