Mfungo wa Musembi

Musembi alizaliwa na meno mawili ya chini, na kitovu hakijakauka kijiji kizima cha Tulia kilikuwa na habari. Nyanya yake, Syokau, ndiye aliyeieneza. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na siku nyingi alikuwa akitafuta jambo la kumzidi mke wa pasta.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kukataa titi. Akishika anaachia, analia mpaka sauti inamkauka. Kalondu, mama yake, alimkimbilia mama mkwe.

"Mama, mtoto hanyonyi."

Syokau akafikiri kidogo, uso ukang'aa. "Anafunga," akasema.

Na Pasta Ndolo, badala ya kucheka, akakubali. Mtoto aliyekuja na meno, tena akakataa maziwa, ni nani kama si nabii? Akatangaza kanisa zima lifunge naye hadi Jumapili. Watu wazima walifunga kwa bidii kweli kweli: walikunywa chai tu, na mkate kidogo wa kuisindikiza. Walipokuja kumtazama nabii walihesabu meno, wakampongeza Kalondu, wakaenda zao.

Jumamosi mtoto alikuwa amebaki macho tu. Kalondu aliuinua ulimi wake kwa kidole, akaona kidonda cheupe cha ukubwa wa punje ya mahindi, pale pale ulimi unaposugua meno. Hakuaga mtu, alimfunga kwa leso akaenda zahanati. Muuguzi alipoyagusa meno yalicheza, akayang'oa, akamwonyesha Kalondu jinsi ya kukamua maziwa na kumpa mtoto kwa kijiko mpaka kidonda kipone.

Jumapili, Pasta alipomwita nabii mbele, nabii alikuwa anameza maziwa kwa kelele, bila haya yoyote.

"Nani amemvunjia mfungo?"

"Ni mimi, Pasta. Huyu hakuwa anafunga. Ako na kidonda chini ya ulimi. Alikuwa anakufa njaa, na nyinyi mnaimba."

Syokau akaja, akachungulia ufizi mtupu, kisha kile kidonda. Akaketi sakafuni na kitambaa chake kipya cha uenyekiti.

"Kalondu," akasema, "wiki hii yote nimemwomba Mungu mtoto asinyonye mpaka leo."