Inchi Mbili Kasoro

Kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyefyatua risasi ya mashindano katika klabu yetu bila kwanza kupita mbele yangu na mkanda wake kiunoni. Kazi yenyewe sikulipwa wala sikuomba. Siku walipouliza nani atakagua vifaa mimi nilikuwa chooni, na niliporudi nikaambiwa hongera.

Kanuni zetu si nyingi, lakini hazina mchezo. Katika daraja la bastola za kawaida, ala, yaani mfuko wa bastola, haitakiwi kukaa mbele ya mfupa wa nyonga. Kitako cha bastola kisishuke chini ya ukingo wa mkanda, ila wanawake wana ruhusa yao, maana Mungu aliwaumba na mapaja ya namna nyingine. Tena nafasi kati ya mkanda na bastola isizidi inchi mbili. Ukivunja mojawapo hufukuzwi. Unahamishiwa daraja huria, kwa wenye bastola zilizofungwa darubini, na huko unakuwa kama mtu aliyeingiza punda kwenye mbio za farasi.

Inchi mbili hizo nilizipima kwa kipande cha mti wa jozi nilichokichonga mwenyewe. Kikiingia kati ya mkanda na bastola na bado kikacheza, umezidisha. Watu niliwaambia kwamba mti huo ulipigwa radi mara saba, na mara ya nane ukairudishia radi. Waliuita "mti wa Verlin", nami nikaupenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kila majira ya baridi, theluji ikituzuia ndani, niliuchukua nikaupiga msasa taratibu, nikaupaka mafuta mpaka ukang'aa unajiona sura.

Mtu akisoma hapo ameshaelewa. Mimi ilinichukua miaka.

Aprili hii tulikuwa na mashindano kule kwenye shimo la changarawe tunalolitumia kama uwanja. Upepo ulikuwa wa Nebraska, ule wa kumvua mtu kofia na kumvalisha ya jirani. Nilikuwa nimemaliza kumkagua Gaylen, mwenyekiti wetu, ambaye tumbo lake limeufunika mkanda mbele na pembeni.

"Gaylen, huo mfupa wa nyonga uko wapi?"

"Upo, tafuta."

"Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka themanini na nane. Niite mbwa wa polisi?"

Watu wakacheka. Wakati huo akasogea mama mmoja mgeni, Marlys Tvedt, ametoka Dakota, mwembamba, miwani puani, uso wa mwalimu wa hesabu. Niliingiza mti wangu kati ya mkanda wake na bastola. Ukaingia, ukacheza.

"Samahani, mama. Umezidisha. Daraja huria."

"Mti wako una inchi ngapi?"

"Mbili. Tangu enzi za Nuhu."

"Basi naomba nimpime Nuhu."

Akatoa mfukoni kalipa ya chuma, ile ya kupimia ya mafundi wa mashine, akaibana kwenye mti wangu. Akaisoma. Akaifungua, akabana tena upande wa pili. Kisha akanigeuzia nisome mwenyewe.

Inchi mbili kasoro nusu robo.

Watu kama arobaini walikuwa wamesimama wakitazama. Nikahisi masikio yanapata moto, na mdomo wangu ukafanya unachofanya siku zote.

"Ni ukame, mama," nikasema. "Mwaka huu kumekauka hata kambare wa mtoni wanatembea na chupa za maji. Mti nao umenywea kidogo, maskini."

Walicheka sana. Gaylen alicheka mpaka mkanda ukaonekana. Yule mama hakucheka.

"Ukimaliza kuchekesha niambie. Nani mwingine amekataliwa kwa mti huu?"

"Hakuna," nikasema, nikamrudisha daraja lake. "Wewe ndiye wa kwanza."

Nimesema uongo mwingi maishani. Nimewahi kusimulia kwamba upepo ulizungusha kinu cha kuvutia maji kisimani kwa kasi hadi shamba likahamia kaunti ya pili, na mtu mzima akaniuliza kodi ililipwa wapi. Uongo wa namna hiyo haumdhuru mtu. Huu ulikuwa mfupi na haukumchekesha yeyote, tena ulimdhuru mtu. Maana nilimjua aliyekataliwa. Wote waliokuwa pale walimjua pia, ila hakuna aliyemkumbuka, kwa kuwa jina lake nililibadilisha mimi.

Dale Hruska anatengeneza pampu za kumwagilia mashamba. Bega lake la kulia liliwahi kushonwa, hivyo mkono wake ulihitaji bastola ikae mbali na mwili kadiri kanuni inavyoruhusu, na yeye akaiweka hapohapo kwenye mpaka. Sisi wengine tunakaa mbali na mpaka, ndiyo maana mti haukutugusa. Miaka sita iliyopita, siku ya kuchagua timu ya jimbo, Dale alikuwa anaongoza. Si kwa bahati. Alikuwa akipiga kama mtu anayegonga muhuri. Asubuhi nilikuwa nimeikagua mikanda kwa macho tu; baada ya kituo cha tatu cha kulenga shabaha nikaipima, mti ukaingia kwake, ukacheza.

"Verlin, nimepima nyumbani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimepima mara nyingi."

Nami, mbele ya watu wote, nikamjibu: "Nyumbani kwako hata rula inakupenda, Dale. Bastola yenyewe imekaa mbali nawe kama mke aliyenuna."

Kicheko cha watu kilisikika hadi barabarani. Dale akahamishiwa daraja huria, akamaliza wa thelathini na moja. Timu ikaenda kwenye mashindano ya taifa bila yeye. Hakurudi tena uwanjani. Lakini utani ulibaki mjini. Tangu siku hiyo anaitwa Inchi Mbili.

Siku ile ya kalipa sikumaliza hata bakuli langu la mchana la supu ya maharage, na mkate wa mdalasini nikamwachia Gaylen. Nikaendesha moja kwa moja hadi karakana ya Dale. Nilimkuta amelala chini ya pampu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Hodi, Dale."

"Karibu. Umekuja kwa pampu au kwa hadithi?"

"Hadithi. Fupi."

"Basi subiri niiweke chini hii spana, nisije nikacheka ikanivunja meno."

Nikavuta ndoo, nikaikalia. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, maneno ya mtu mzima. Yaliyotoka ni haya:

"Unajua huu ukame, Dale, una mambo. Hata mimi nilikuwa na futi saba, sasa nitazame. Mama mmoja leo kaupima mti wangu, kumbe nao..."

Spana ikasikika ikiwekwa sakafuni. Akajivuta kutoka chini ya pampu, polepole, akakaa. Uso ulikuwa na grisi upande mmoja.

"Verlin."

"Naam."

"Sema tena. Bila chumvi."

Nikafungua mdomo. Hamwezi kuamini jinsi ilivyo kazi. Kila sentensi niliyoishika ilikuja imevaa kofia na ndevu za bandia.

"Mti ulikuwa mfupi," nikasema mwishowe. "Niliumaliza kwa msasa. Siku ile wewe ulikuwa sawa."

"Umejua lini?"

Nilikuwa naelekea kusema, "Leo saa nne asubuhi." Jibu lilikuwa mdomoni, tena lingefunika kila kitu, maana lilikuwa nusu kweli. Dale alinitazama tu, akijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Majira ya baridi yaliyofuata," nikasema. "Niliuweka mti kando ya rula. Niliona haufiki kwenye alama ya inchi mbili."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema rula ndiyo mbovu. Nikaitupa."

"Ukaitupa rula."

"Ndiyo."

Akainuka, akaenda kwenye sinki, akanawa kwa ile sabuni ya mchanga, muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. Alipozungumza alikuwa bado amenipa mgongo.

"Jumapili iliyopita mchungaji mpya alinitambulisha kwa wageni wake. Akasema, huyu ndugu yetu anaitwa Inchi Mbili. Mchungaji, Verlin. Hajui hata lilitoka wapi. Alidhani ni jina la ukoo wetu la utani."

"Dale, nisamehe."

"Siku ile mlikuwa watu wangapi pale?"

"Arobaini na kitu."

"Na sasa hivi tuko wangapi humu?"

Sikuwa na haja ya kuhesabu.

"Mashindano ya Mei," nikasema. "Kabla ya kuanza. Nitawaambia wote."

"Nitakuja kusikia," akasema. "Sasa ondoka kwenye ndoo yangu, nina kazi."

Mei ikafika. Mama Tvedt naye alirudi, na alipita mbele yangu bila salamu. Gaylen alipomaliza kutangaza mambo ya usalama, nikaomba neno, nikapanda juu ya kreti la chupa. Watu walisogea haraka. Mmoja alipiga kelele, "Hadithi! Leteni viti!" Na kweli viti vikaletwa. Kule kwenye uzio niliona gari la Dale, kioo kimeshushwa, kiwiko chake nje.

"Miaka sita iliyopita," nikaanza, "nilimwonea mtu kwa kipande cha mti."

Wakacheka. Sikuwa nimesema lolote la kuchekesha, lakini walikwisha kaa mkao wa kucheka.

"Sitanii. Mti huu niliupiga msasa mpaka ukafupika."

"Msasa au panya?" mmoja akauliza.

"Ni ile radi!" mwingine akadakia. "Imerudi kudai deni lake!"

Gaylen alikuwa anajipiga paja, machozi yanamtoka. Maisha yangu yote nimekitafuta kicheko kama hicho. Nimeharibu mazishi mawili kwa ajili yake. Sasa nilisimama juu ya kreti nikikiomba kiishe, na kadiri nilivyoomba ndivyo kilivyopanda, maana walidhani uso wangu ule ni sehemu ya mchezo. Nilitazama kwenye uzio. Kiwiko hakikusogea.

Nikatoa mfukoni karatasi ya matokeo ya mwaka ule. Nilikuwa nimeichukua kwenye kabati la klabu wiki iliyotangulia, maana nilijifahamu. Nikaisoma kama ilivyo, bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Hruska, Dale. Kituo cha kwanza, nafasi ya kwanza. Kituo cha pili, nafasi ya kwanza. Kituo cha tatu, nafasi ya kwanza. Ukaguzi wa mkanda: amezidisha. Amehamishiwa daraja huria. Nafasi ya thelathini na moja. Mkaguzi, Verlin Stadler." Nikaikunja. "Hakuzidisha. Kipimo changu kilikuwa kifupi. Mwaka huohuo nilikiona kwamba ni kifupi, nikanyamaza. Jina mnalomwita ni utani wangu niliomtania, hali mwenye kosa ni mimi."

Kicheko hakikukatika kwa mara moja. Kilififia kiti kwa kiti. Wa mwisho alikuwa Gaylen, na yeye alimalizia kwa kukohoa.

"Verlin. Hii ni kweli?"

"Kweli."

"Lakini sisi wote tulikuwa tuna..." Hakumalizia. Alitazama uzio, kisha akatazama viatu vyake, au upande vilipo.

Niliusikia upepo ukipapasa shabaha za karatasi ngumu. Kisha gari likawashwa. Dale alipandisha kioo, akageuza taratibu kwenye changarawe, akaondoka. Hakunipungia mkono, wala hakuna alichonidai. Nilisubiri hadi vumbi likatulia, nikidhani pengine atarudi.

Nikashuka kwenye kreti. Mti nikamkabidhi Gaylen, naye akaupokea kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa jalalani.

"Mama Tvedt," akaita, "utatusaidia kupima leo?"

"Nitapima," akasema.

Ukaundwa mstari. Mimi pia nilikuwa nimejiandikisha kushindana, kwa hiyo nikasimama, mkanda kiunoni kama wenzangu. Aliye mbele yangu, ambaye kila mwezi huniuliza nina habari gani ya kumchekesha, alisogea mbele nusu hatua, akajifanya anakaza ala yake. Nyuma yangu wawili waliongea habari za mvua. Nilikuwa na habari nzuri ya mvua. Nikaiacha.

Zamu yangu ikafika. Mama Tvedt alifungua kalipa, akanitazama juu ya miwani.

"Inua mikono, mzee."

Nikainua.