Lebo za Magodoro Ishirini

Kazi yangu ni kushona magodoro. Tangu mume wangu aondoke, Mungu amrehemu, karakana hii ndiyo inayotulisha. Tunachana nguo kuukuu zilizofuliwa, tunazichambua hadi ziwe nyuzi, tunajaza godoro, tunashona mdomo wake. Mwisho kabisa inashonwa lebo, na lebo ni kazi yangu.

Jumanne, tajiri wetu, tunayemwita Kifua Mbele akiwa hayupo, alinitupia furushi la lebo zilizoandikwa PAMBA MPYA.

"Mama, za magodoro ya bweni. Kesho matroni anayafuata."

"Pamba yenyewe iko wapi, baba?"

"Iko kwenye lebo!" Akacheka. "Usiposhona wewe atashona mwingine, na huyo ndiye nitakayebaki naye."

Nilirudi nyumbani na furushi langu. Binti yangu, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa anasahihisha madaftari. Nilipomweleza, badala ya kunipa pole akaweka kalamu chini.

"Mama, Waingereza wana neno, shoddy. Siku hizi ni sifa ya kitu kilichotengenezwa ovyo tu. Zamani lilikuwa jina la kitambaa cha sufu kuukuu, iliyochanwa ikasokotwa upya. Kama kazi yenu."

"Sasa ubaya uliingilia wapi?"

"Wenye tamaa walikiuza kwa jina la sufu nzuri. Hata askari wakashonewa sare za kitambaa hicho, mvua ikanyesha, zikafumuka mwilini. Jina likageuka tusi."

"Kumbe kitambaa hakikuwa na kosa."

"Kiliponzwa na wauzaji, mama."

Nilisali, nikalala. Asubuhi niliwahi karakana, nikageuza lebo zote upande mweupe, nikaandika kwa wino: NGUO KUUKUU, SAFI, ZIMECHAMBULIWA. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, lakini unasomeka. Nikazishona zote ishirini.

Matroni alipofika alisoma lebo, akabonyeza godoro kwa goti.

"Haya yanafulika?"

"Fumua mdomo huu, toa, fua, anika, rudisha."

"Afadhali. Yale ya mwaka jana, tuliyonunua kwingine, tuliambiwa ni pamba, yakawa mabonge matupu. Pakieni."

Kifua Mbele alingoja gari lipinde kona.

"Mama, umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekusitiri, baba."

Hakunifukuza. Ila lebo alizihamishia kwa mwenzangu, mimi nikabaki kushona midomo tu. Jumatatu yule mwenzangu akasogeza kigoda karibu yangu, lebo mkononi, upande mweupe juu.

"Dada," akanong'ona, "ile uliiandikaje?"